Keki ya Vumbi la Mbao

Tusekile mwanangu,

Nimeshika kalamu ili nisifunue sufuria. Ningeweza kuanza kwa salamu ndefu, nikasema nimeketi nakuwaza, lakini ukweli ni huo. Kasian, yule mpasua mbao ninayelala naye chumba kimoja hapa Mafinga, ameniangalia nikizunguka jiko, akaniita kwa jina la wilaya yetu kama kawaida yake, "Kyela, shika kitu. Mikono yako ikibaki mitupu utaifunua tena." Akanipa kalamu yake ya kuandikia vipimo. Karatasi nimezitafuta mwenyewe.

Ndani ya sufuria kuna kitu chako. Mchana kilikuwa keki. Sasa hivi sijui nikiite nini. Kikikubali kitakuwa pudini, kikikataa kitakuwa uji wa mayai. Kesho basi lako likipita hapa nataka kukupa mkononi. Uliponiandikia kwamba basi la Dodoma linapita Mafinga, nikakuuliza kama utashuka, ukajibu neno moja, "Tutaona." Tangu siku hiyo nabeba mbao na neno hilo juu yake, na mbao ndizo nyepesi.

Sitakuambia kuhusu chandarua, wala kuchemsha maji, wala kuweka vyeti kwenye mfuko usioingia mvua. Mama yako ameshasema yote hayo, namjua, na kama amekufungia mchele na dagaa wa usipa kwa ajili ya huko Kondoa ulikopangiwa kazi, basi amefunga wa kulisha zahanati nzima. Mimi nina mambo machache, nayo yote yanahusu hii sufuria.

Tuanze na ile Jumamosi, maana najua ndiyo iliyokukaa kooni.

Mama yako aliniambia mapema kwamba mnaandaa shukrani ya kumaliza chuo chako cha uuguzi na kukuaga kwa pamoja. Nikasema nitakuwepo. Nauli ya basi nilikuwa nayo. Lakini kulikuwa na lori linapeleka mbao Tukuyu, na dereva akasema atanibeba bure, nikajiambia nauli hiyo nitaifanya zawadi yako. Lori lilikuwa litoke alfajiri. Alfajiri walikuwa bado wanapakia. Ulipopiga simu asubuhi nikasema, "Niko njiani." Wala sikuona kama ni uongo, maana mguu mmoja ulikuwa kwenye ngazi ya lori. Ulipopiga mchana walikuwa wanabadilisha tairi, nikasema, "Tumeshapita Makambako." Ulipopiga mara ya tatu nikasikia akina mama wakiimba nyuma yako, nikaona haya, nikasema nakaribia Uyole.

Yaliyokuwa yakiendelea huko nimehadithiwa na mama yako. Mshereheshaji akatangaza kwenye spika, "Wapendwa, baba mzazi yuko Uyole, tumpe nafasi kidogo," watu wakapiga makofi. Kisu kikarudishwa mezani. Keki mliyoagiza Mbugani ikaanza kutoka jasho kwa lile joto. Akina mama wakaimba wimbo mwingine, ukaisha, wakaurudia. Ndipo ukapiga tena, nami nikapokea kwa sauti ya mtu aliye safarini.

"Mama, sasa hivi tunateremka..."

"Baba, huo ni mlio wa nini?"

"Mlio gani?"

"Huo nyuma yako. Huo ni msumeno."

Lori lilikuwa bado halijatoka. Kasian alikuwa ameliingiza gogo kwenye mashine, na mashine ile haijui kuficha siri.

"Uyole hakuna msumeno," ukasema. "Huo nausikia kila ukinipigia."

Ukakata simu. Ukaenda ukachukua kipande cha baba, ukamlisha baba yako mdogo Ambakisye. Yeye mwenyewe amenipigia, ana aibu kama yeye ndiye aliyekosa. "Kaka, ningefanyaje? Mtoto ameshanyoosha mkono na watu wote wanaangalia." Nikamwambia amefanya vizuri. Nikamuuliza keki ilikuwaje. Akafikiri kidogo, akasema, "Ilikuwa laini."

Ngoja. Naenda kusikiliza jiko.

Nimerudi. Bado kinagonga. Nitakuambia baadaye ni nini kinachogonga.

Basi nikapata wazo la kupika keki. Nilifikiri, kama nilikosa kulishwa ile ya Jumamosi, nitasimama stendi na yangu, unikatie hapo hapo, hata kama dereva anapiga honi. Leo hatuna kazi mchana. Kasian akasema keki ziko madukani pale barabarani, zimefungwa kwa karatasi inayong'aa.

"Najua," nikamwambia.

"Sasa?"

"Sasa napika."

"Wewe mbeba mbao."

"Ndiyo."

"Basi ngoja nivute kigoda. Hii sitaki kuja kuhadithiwa."

Nilipika kama tunavyopika nyumbani Bujonde. Sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ndogo yenye mchanganyiko ndani yake, mfuniko juu, moto kidogo chini na moto juu ya mfuniko. Lakini kwetu ule moto wa juu ni pumba za mpunga. Unazichota bure kule mashineni, unaweka makaa machache katikati, zinaungua polepole toka ndani, bila ndimi, na keki inaiva juu kama inavyoiva chini. Maisha yangu yote sijawahi kuona keki ya nyumbani ikipikwa vinginevyo. Huku pumba hakuna. Huku kuna vumbi la mbao, mlima mzima nyuma ya mashine, laini, kavu, rangi ile ile ya pumba. Nikaliona nikafurahi. Nikasema, hili na pumba ni ndugu.

Si ndugu, Tuse. Paini ina utomvu. Nilipoweka makaa katikati halikuungua polepole hata kidogo. Lilitulia kwanza, likanidanganya, halafu likawaka lote kwa mara moja, moto ukapanda mpaka Kasian akaruka na kigoda chake. Tukamwagia mchanga. Nilipofunua, juu keki ilikuwa nyeusi na ngumu, katikati ilikuwa uji, na ilinuka kama karakana.

Kasian akaigonga kwa ukucha, akainamisha sikio. "Umeoka ubao, Kyela. Huu tunaweza kuupasua mbili kwa sita."

Nikuambie nilichofanya kwanza. Nilichukua kisu nikaanza kukwangua ule weusi. Nikawa napanga kichwani: nitakwangua, nitapaka sukari juu, nitaifunga kwenye karatasi ya dukani, nikiulizwa nitasema huku nyanda za juu keki wanazipika hivi, zina ladha ya moshi, ndiyo desturi yao. Maneno yalikuwa yameshakamilika kabla kisu hakijafika kwenye uji. Kasian ni Mbena wa hapa hapa. Nilikuwa tayari kuwasingizia Wabena wote mbele yake.

Hapo ndipo nikamkumbuka Bi Rukia na kipaimara chako.

Wewe unaikumbuka siku ile kwa upande wako, acha nikupe upande wangu. Ulitaka keki. Hukuiomba kwa mdomo, lakini yule rafiki yako wa mjini alikuwa na ya ghorofa, na wewe ulikuwa umeiangalia picha yake mpaka mama yako akaona. Akaenda dukani kwa Bi Rukia pale Mbugani, akanunua unga na sukari na arki ya vanila, akakoroga mwenyewe. Mimi nilipewa kazi moja tu. Nilinde moto na nisifunue.

Nilifunua. Nilitaka kuona kama imeumuka, nikaona imeumuka, nikafurahi nikafunika. Halafu nikafunua tena kuhakikisha nilichokiona. Mara ya tatu sikumbuki hata nilitafuta nini. Ilikuwa imebonyea katikati, nyepesi pembeni na nzito ndani, kama kiti cha zamani. Ukaja na gauni lako jeupe, nywele zimefungwa, ukaangalia.

"Baba, umefunua?"

"Hapana, mama. Mayai ya siku hizi hayana nguvu."

Ukaniangalia, halafu ukaenda nyuma kwenye migomba na gauni lile jeupe, na mama yako akakufuata akiogopa utomvu wa ndizi kuliko machozi.

Bi Rukia alifika mapema kuliko wageni wote. Unamjua, watu wake walikuja na biashara kutoka pwani toka zamani, na hakuwahi kuacha kuongea kama amefika jana. Alisema amekuja kuona unga wake umefikia wapi. Akaona.

"Hiki nini, Mama Tuse?"

"Keki," akasema mama yako, ameshikilia mkono wako.

"Baba Tuse, hiki nini?"

"Keki. Imelala kidogo tu."

Akajifunga mtandio vizuri. "Basi miye narudi dukani kwangu. Mkimaliza kuwa na keki mniite."

"Bi Rukia, jamani..."

"Jamani nini? Keki miye siijui kuipika. Najua kugeuza kitu kilichoharibika. Kama hakijaharibika, sina kazi hapa. Nikikigusa bado mnakiita keki, kesho mtasema Bi Rukia ametuharibia keki yetu."

Halafu mama yako akacheka, kile kicheko chake cha kukata tamaa, akasema, "Imeharibika, Bi Rukia. Huyu ameifunua."

"Haya. Nipeni maziwa."

Dakika ile ile kila mtu alipata la kufanya. Wewe ulivunja vunja keki kwenye beseni na gauni lako la kipaimara umelifunga khanga juu. Maziwa ya ng'ombe wa bibi yako yakamwagwa humo, mayai yakapigwa, yale yale niliyoyatukana. Bi Rukia akaunguza sukari kwenye sufuria mpaka ikawa ya kahawia, akaizungusha ikashika ukuta wote, akamimina mchanganyiko juu yake. Ule mchanga tukautoa kwenye sufuria kubwa, tukaweka maji, na sufuria ndogo ikakaa ndani ya maji imefunikwa. Kabla hajafunika ile kubwa akaokota kijiwe uani, akakiosha, akakitumbukiza kwenye maji.

"Kijiwe hiki kinagonga maji yakichemka," akaniambia mimi, si mama yako. "Kikinyamaza, maji yamekwisha, ongeza. Ya nje unafunua, unaongeza maji. Ya ndani huigusi mpaka iwe baridi. Umenisikia, Baba Tuse? Sikiliza kwa masikio. Macho yako tumeshayaona kazi yake."

Hicho ndicho kinachogonga hapa sasa hivi. Nimeokota kijiwe Mafinga.

Wageni walipofika, pudini ikapinduliwa kwenye sinia, ikasimama, ikang'aa, sukari ikateremka pembeni. Yule mzee wa kanisa aliyekuwa anapenda utani akaizunguka, akasema, "Wapendwa, keki hii inatetemeka. Imemwogopa nani?" Watu walicheka mpaka waliokuwa nje wakaingia kuangalia. Ukafika wakati wa kulisha wazazi. Keki unachoma kijiti, lakini pudini ingeteleza, mama yako akakupa kijiko. Kijiko kimoja kwa wote. Ukamlisha mama yako, ukamlisha bibi yako, ukaja kwangu. Macho bado mekundu. Ukaniwekea mdomoni, nusu ikadondoka kwenye tai ile ya kuazima, na ulipoinama kunifuta ukaninong'oneza, "Mayai, baba?"

Nikasema, "Mayai."

Haikuwa mayai. Najua unajua. Nataka tu iwe imeandikwa mahali.

Kimenyamaza. Nakuja.

Nimeongeza maji. Ya nje tu. Mkono ulifika kwenye mfuniko wa ndani, sikufichi, ukakaa pale juu mpaka ukaanza kuungua. Kasian akasema, "Ndaga, baba," yaani pole, kwa hicho Kinyakyusa chake anachonidhihaki nacho, akaninyang'anya kitambaa cha kushikia.

Nimekuwa mtu wa namna hiyo siku nyingi. Mwaka ule niliponunua kokoa mbichi kwa majirani ili niikaushe niiuze mwenyewe, ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka harufu tu. Mvua ikaja, kokoa ikaanza kuota ukungu ndani ya magunia, na kila jioni mama yako akiniuliza nasema biashara inaenda. Mama yako amekausha kokoa toka akiwa msichana. Angejua la kufanya nayo, angalau nusu yake. Hakuulizwa, kwa sababu ili nimuulize ingebidi kwanza niseme. Mpaka alipofungua gunia mwenyewe. Alianza kutenganisha nzima na mbovu kwa mikono yake, na mimi nikasimama pale nikisema bei nayo imeshuka.

Nilipokuja huku Mafinga nilisema ni msimu mmoja. Nikasema hivyo msimu uliofuata pia. Umeanza sekondari, umemaliza, umeingia chuo, umemaliza, na mimi kila nikiulizwa ni msimu mmoja. Kumbe nilihama, mwanangu. Ningesema nimehama, labda mama yako angekuja, au angekataa tukajua moja. Niliwaacha mnasubiri mtu aliye njiani.

Sikuelezi haya ili unionee huruma. Mgongo unauma lakini ni wa kazi, na jioni tunacheka. Nakueleza kwa sababu kesho kutwa utakuwa zahanati peke yako, na utakosea kitu. Sijui kitu gani, mimi darasa la sita nitajuaje mambo ya dawa. Lakini najua saa ile inavyokuja. Mtu mkubwa anapiga simu anauliza kazi imefikia wapi, na ulimi unakuwa na jibu zuri kabla yako. Mwambie ulipo. Hata kama ulipo ni pabaya. Akijua ulipo anaweza kukufuata.

Nimeshaanza kuhubiri. Kasian ananiuliza barua imefika ukurasa wa ngapi, nikamwambia, akasema basi huyo mtoto atafika Dodoma hajamaliza kusoma.

Nikurudishe leo mchana, pale nilipokuwa na kisu. Niliacha kukwangua. Nikasema kwa sauti, "Imeharibika."

Kasian akasema, "Nilishaona."

"Wewe uliona. Mimi nilikuwa sijasema."

Akanitazama kama nimepata homa. Lakini baada ya pale kazi ikawa rahisi. Nilikata ule weusi wote nikautupa, bila kuuonea huruma. Kilichobaki kikawa kidogo kuliko nilivyotaka. Nikavunja vunja pamoja na ule uji wa katikati, kwa sababu kwenye maziwa na mayai hata uji unapata nafasi. Maziwa nimeyapata kwa yule mama wa jirani mwenye ng'ombe, ambaye aliuliza ya nini, nikamwambia nimeunguza keki ya mwanangu, akaniongezea. Harufu ya moshi ilikuwa bado ipo. Hapo nikakumbuka kokoa ya mama yako. Alinitumia na dereva mmoja, ameikaanga na kuitwanga mwenyewe, imefungwa kwenye mfuko wa chumvi, na mimi nilikuwa naitunza kama dawa. Maisha yetu yote kokoa tunauza, hatuli. Nimeitia yote. Moshi haujaondoka, lakini umepata mwenzake, na nilipoonja kwa kidole kabla sijafunika ilikuwa kama kitu kilichokusudiwa. Hilo nalo lisiwe neno la kujisifu. Nilionja ikiwa mbichi.

Sasa nimeutoa moto. Kijiwe kimetulia, safari hii kwa sababu hakuna moto. Sufuria naiweka nje dirishani, baridi ya huku inatosha. Kasian ameweka tofali juu ya mfuniko. Anasema ni kwa ajili ya paka.

*

Ni asubuhi. Naendelea kuandika nikiwa stendi, mwandiko usikushangaze, naandikia gotini na sufuria iko gotini pia.

Nilitaka kuifunua alfajiri. Nijue tu. Kama imeshika, nije nimesimama wima. Kama ni uji, nipite dukani ninunue moja ya zile za karatasi inayong'aa. Tofali nimelitoa. Nikakaa nayo pale kitandani, nikaona kwamba nikiifunua nitaanza kupanga maneno, na maneno yangu unayajua. Nikaifunga kwa khanga, fundo juu, nikaondoka nayo. Utaifunua wewe. Tutaona pamoja ni nini.

Wenzangu wameenda kupakia. Msimamizi nimemwambia jana kwamba leo asubuhi sipo, akauliza naumwa nini, nikasema siumwi, mwanangu anapita. Akasema, "Nenda basi," kama vile jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo siku zote.

Nimekaa upande yanaposimama mabasi yanayotoka Mbeya, karibu na akina mama wanaochoma mahindi. Nimewauliza kama basi la Kyela kwenda Dodoma linasimama hapa. Mmoja amesema linasimama kama kuna wa kushuka. Mwingine amesema dereva wake ana haraka, hupunguza tu mwendo. Nimewauliza mara nyingi mpaka wameanza kunicheka, wananiuliza kwani nimebeba nini kwenye hilo fundo. Nimesema sijui bado. Wamecheka zaidi.

Barua hii nitaichomeka kwenye fundo la khanga. Basi likipunguza mwendo tu, nitakimbia pembeni, nitampa kondakta vyote kupitia mlangoni, na khanga na sufuria ni vya mke wa Kasian aliye kijijini, lakini nitajua la kumwambia. Likisimama, basi. Likisimama utakuwa unaisoma umeshapita Iringa, nawe utakuwa unajua yote ninayojiuliza saa hii.

Simu imeita. Ni wewe.

Umeniuliza, "Baba, uko wapi?"

Nilitaka kujibu, nikaona nisijibu. Nimeinua simu juu nikaizungusha, usikie. Kulikuwa na yule mama anayeita mahindi, pikipiki, na mtu anayegombana na mzigo wake. Halafu nikairudisha sikioni nikasema, "Niko stendi. Mafinga. Toka asubuhi."

Nilisikia basi lenu linanguruma na mtoto mchanga analia karibu yako.

"Sisikii msumeno," ukasema.

"Haupo."

"Tumetoka Makambako."

"Nimekuletea kitu, mama. Ilikuwa keki. Niliiunguza."

Halafu ukasema, "Haya," simu ikakata, sijui ni wewe au ni mtandao wa ile misitu.

Haya. Nimeligeuza geuza hilo neno mpaka yule mama wa mahindi ameniuliza kama nimepata habari mbaya. Nimemwambia bado sijajua, lakini ni afadhali kuliko lile la "Tutaona."

Nakunja karatasi sasa, basi moja limetokea kule juu na sioni vizuri limeandikwa nini. Kama umeshuka, umeona mwenyewe nilikuwa na nini mfukoni. Kasian alitaka nibebe vijiko viwili. Nimebeba kimoja.

Baba yako.